Mhadhiri Naye Anahitaji Kusomeshwa



Katika ziara zetu za robo mwaka hii kwenye sharika za Tarime na Serengeti, tuliulizwa swali moja karibu kila tulipokaa: "Watoto wetu wanakosa sare na madaftari. Iweje fedha ya elimu ifikiriwe kwa mhadhiri wa Chuo Kikuu, mtu mwenye shahada na mshahara?" Swali hili ni la haki. Fedha hiyo imetokana na sadaka za mavuno na michango ya marafiki, na anayeitoa anapaswa kujua inakokwenda. Tunalijibu hapa kwa sababu kamati zitatakiwa kuamua kabla ya bajeti ya mwaka ujao.

Elimu ya masafa si ngeni Mara

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto mwenye umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Ndipo Serikali ilipochukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwasomesha huko huko vijijini, huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuatilia. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 30,000. Wazee wetu wanawakumbuka kama walimu wa UPE. Wapo waliowabeza, na wapo waliofundishwa nao wakafika mbali.

Kwa ngazi ya shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya 1992, kikaanza kazi 1993 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Kina vituo mikoani, na cha Mkoa wetu kiko Musoma. Kwa utaratibu huu mwalimu wa Mugumu, mwuguzi wa Tarime au mtendaji wa kijiji huko Nyamongo anaweza kusoma shahada bila kuacha kazi, shamba na familia. Mahitaji yaliongezeka baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009, shule za kata zilipojengwa kwa wingi na walimu wakawa wachache.

Kufundisha kwa mbali ni kazi ya aina yake

Mhadhiri wa darasani huona nyuso za wanafunzi. Wakikunja uso, anarudia. Anayefundisha kwa masafa hamwoni mwanafunzi wake. Kitabu cha somo, yaani moduli, ndicho kinachosimama badala yake. Kwa hiyo lazima kiandikwe kwa hatua fupi, kiwe na mifano, maswali ya kujipima na majibu yake. Zoezi likirudishwa, maelezo ya mhadhiri pembeni ndiyo mazungumzo pekee kati yao.

Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata wilayani Serengeti, msharika wetu, alitueleza yaliyompata katika chuo ambacho hatukitaji. Zoezi lake lilirudi baada ya mtihani kupita. Lilikuwa na alama tu, bila neno hata moja la kumwonyesha alipokosea. Alirudia somo lile, akalipia tena nauli na gharama za mtihani. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na ndivyo alivyojiona.

Hatuamini kwamba mhadhiri yule alikuwa mvivu. Shahada ya uzamili au uzamivu humfanya mtu kuwa bingwa wa somo lake. Haimfundishi namna ya kuandika moduli au kumsaidia mwanafunzi kwa simu na kompyuta. Upungufu huu ulionekana hata vyuo vya kawaida vilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Mei 2020 kwa sababu ya korona. Wahadhiri wengi waliokuwa hodari darasani hawakuwa wameandaliwa kufundisha kwa njia ya mtandao.

Fedha hutoka wapi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, kazi yake kubwa ni kumkopesha mwanafunzi. Kwa upande wa watumishi, Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioidhinishwa 2021. Sehemu ya mradi huo ni kusomesha wahadhiri, na Chuo Kikuu Huria ni miongoni mwa wanufaika. Jumuiya ya Madola nayo ina taasisi yake ya elimu ya masafa, Commonwealth of Learning, iliyoamuliwa na wakuu wa nchi mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1987. Taasisi hiyo husaidia mafunzo ya wakufunzi na uandishi wa moduli.

Gharama za kumsomesha mhadhiri hadi uzamivu ni kubwa: ada, utafiti, na mtu wa kushika vipindi vyake. Huo si mzigo wa sharika. Lakini mafunzo mafupi ya siku chache, ya kuandika moduli na kusahihisha kwa maelezo, yanahitaji nauli, malazi, chakula, mwezeshaji na uchapaji tu. Hapo mchango wetu unaweza kuonekana.

Tunachopendekeza

Tunajua wafadhili wamechoshwa na semina zinazoishia kwenye posho. Kwa hiyo tunapendekeza masharti matatu. Kwanza, mafunzo yawahusu wanaofundisha wanafunzi waliopo katika wilaya zetu mbili. Pili, malipo ya mwisho yatolewe baada ya kuona kazi: moduli iliyorekebishwa na kutumika. Tatu, chuo kinachohusika kikubali kwa maandishi muda wa kurudisha mazoezi, na wanafunzi wenyewe watupe taarifa kama unatimizwa.

Kamati ambazo hazina fedha zinaweza kutoa chumba chenye taa jioni, ambako wanafunzi wa masafa watakutana kusoma pamoja na kumpokea mhadhiri anapopita.

Hatuombi kumwondolea mtoto daftari lake. Tunaomba sehemu ndogo ya mfuko ijaribiwe kwa mwaka mmoja, kisha kamati zipime. Mwalimu wa sekondari ya kata akifundishwa vizuri, atakaonufaika kwanza ni watoto hao hao wa Tarime na Serengeti tunaowanunulia madaftari. Tafadhali lijadilini kwenye vikao vyenu na mtuletee maoni, hata kama ni ya kukataa, kupitia kwa wachungaji wenu.