Trekta Linapogoma Msimu wa Kulima

Mvua za kwanza zikishanyesha, trekta la kijiji huwa na foleni. Kila mwenye shamba anataka alimiwe mapema, na mwenye trekta anahesabu ekari. Hapo ndipo injini inapoanza kumisi, inaishiwa nguvu, kisha inazima. Au injini inanguruma vizuri kabisa, lakini jembe la diski limelala chini na halinyanyuki. Katika hali zote mbili, neno la kwanza kusikika ni lile lile: pampu imekufa. Inafunguliwa, inapelekwa mjini, na siku za kulima zinapita. Mara nyingi pampu haikuwa na kosa lolote.

Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, au ndugu yake 240. Yote mawili yanajulikana sana na mafundi wa Afrika Mashariki, na injini yake ya Perkins ya silinda tatu, yenye ujazo wa lita 2.5, haina siri nyingi. Tangi la dizeli limekaa juu ya injini. Mafuta yanashuka kupitia koki yenye kichujio chake, yanavutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, yanapita kwenye filta, yanaingia kwenye pampu ya nozeli, na kutoka hapo yanasukumwa kwa nguvu kubwa hadi kwenye nozeli tatu. Fundi mzuri hufuata njia hiyo hiyo, kuanzia tangini. Anayeanzia kwenye pampu ya nozeli ameanzia mahali penye gharama kubwa kuliko pote.

Kabla ya kushika spana, moshi una mengi ya kusema. Starta ikizungusha injini na bomba la moshi halitoi chochote, dizeli haifiki kwenye nozeli. Ukitoka moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayaungui. Moshi mweusi wakati wa kulima maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na hapo kwanza huangaliwa kisafisha hewa, maana vumbi la shambani hukiziba upesi. Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Trekta linalowaka vizuri asubuhi, likalima kwa muda, likazima, kisha likakubali tena baada ya kupumzika, lifunguliwe kwanza kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu likizibwa na tope, dizeli inapopungua hakuna hewa ya kushika nafasi yake, na mafuta yanagoma kushuka. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa kishindo pale kifuniko kinapolegezwa, umeshampata mwizi. Jaribio la pili ni kufungua bomba pale linapoingia kwenye pampu ndogo na kuacha koki wazi. Kwa kuwa tangi liko juu, dizeli inapaswa kutiririka yenyewe bila kukatika. Ikidondoka matone, kichujio cha koki kimejaa uchafu.

Kisha kuna upepo. Mafuta yakiisha kabisa tangini, au filta ikibadilishwa, hewa huingia kwenye mabomba, na pampu ya nozeli haiwezi kusukuma hewa. Kuitoa hakuhitaji mashine. Skrubu iliyo juu ya filta inalegezwa, na kijiti kidogo kilicho kwenye ile pampu ndogo kinapigwa kwa kidole, juu chini, mpaka povu linaisha na dizeli inatoka safi. Kijiti kikikaa legelege bila kusukuma kitu, pampu haijafa: injini imesimama mahali ambapo kemu imeikandamiza, na ukiizungusha injini kidogo kijiti kitashika. Baada ya filta hufuata skrubu mbili za pampu ya nozeli, halafu nati za mabomba kwenye nozeli hulegezwa huku starta ikizungusha. Mikono ikae mbali na mchirizi. Dizeli inayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Maji na mafuta ya taa ndivyo viuaji halisi vya pampu. Pampu ya nozeli ya matrekta haya hulainishwa na dizeli yenyewe. Haina oili yake. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo, na vyuma vinasagana. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iondoke, na Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Kwa maji, dizeli ya kwenye dumu iwekwe katika chupa inayoonyesha na iachwe itulie. Maji hukaa chini. Tangi lijazwe jioni, kwa sababu tangi lililo nusu hukusanya unyevu usiku kucha.

Upande wa haidroliki, kosa la kwanza mara nyingi ni wenzo. Kwenye 135 pampu ya haidroliki huendeshwa na shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta, kwa hiyo wenzo wa PTO ukiwa huru, mikono ya nyuma hainyanyuki hata injini iwe mpya. Dereva aliyezoea trekta la aina nyingine anaweza kupoteza nusu siku hapo.

Wenzo ukiwa sawa, oili ndiyo ya kuulizwa. Iko kiasi gani kwenye kijiti cha kupimia? Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa trekta la majaruba ya mpunga. Ikitoa povu, inavuta hewa. Pampu ikilia kwa sauti kali, inakosa oili, na kichujio chake kinashukiwa kabla yake. Na kwenye matrekta ambayo breki zimezama ndani ya oili hiyo hiyo, oili ya injini isimiminwe kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani, itaharibu breki.

Jembe linalonyanyuka vizuri kisha likashuka taratibu injini ikizimwa, limepata uvujaji kwenye pistoni ya kunyanyulia au kwenye valvu. Hii pia ndiyo sababu hakuna mtu wa kuingia chini ya jembe lililoinuliwa. Lishushwe chini kwanza, au liwekewe magogo imara.

Likibaki trekta linalonyanyua jembe asubuhi oili ikiwa baridi, na kushindwa mchana oili ikishapata joto na kuwa nyepesi, huku kichujio ni safi na oili ni sahihi, basi pampu yenyewe imelika na inavujisha ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa.