Kupiga mbizi Zanzibar kwa mara ya kwanza: panga pia safari ya kurudi Mpanda

Kijana aliyekulia Mpanda akienda Zanzibar, kwa dada aliyeolewa huko, kwa mafunzo ya utalii au kwa likizo ya Desemba, siku hizi anaweza kukupigia simu na ombi jipya: anataka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, akaone matumbawe ya Mnemba au Pemba. Si ombi baya. Wengi hupiga mbizi na kurudi salama. Lakini mzazi au mlezi anayeombwa ruhusa na pesa anahitaji kujua kinachotokea mwilini. Na kwetu sisi wa Katavi kuna jambo ambalo watu wa pwani hawana sababu kubwa ya kuliwaza: nyumbani kwetu ni juu, na njia ya kurudi inapanda.

Mwili ukiwa chini ya maji

Maji ni mazito. Kila mzamiaji anaposhuka mita 10, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Kwa hiyo kwenye mita 10 mwili unabanwa mara mbili, na kwenye mita 20 mara tatu.

Masikio ndiyo hulalamika kwanza. Aliyewahi kushuka na gari mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa anajua masikio yanavyoziba. Majini jambo hilo huanza ndani ya mita chache za mwanzo, na kwa nguvu zaidi. Mzamiaji hubana pua na kupuliza polepole, mapema kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua hawezi kufanya hivyo vizuri, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Asijikaze kwa dawa ya kuzibua pua. Dawa inaweza kuisha nguvu akiwa chini. Aahirishe tu.

Mapafu yana sheria moja, na ndiyo kubwa kuliko zote: asizuie pumzi akiwa anapanda. Hewa aliyovuta kwenye mita 10 hutaka nafasi mara mbili akifika juu. Akifunga koo, mapafu yanaweza kupasuka. Wanaoanza huizuia kwa hofu, ndiyo maana mafunzo huanzia kwenye maji mafupi.

La tatu halionekani wala halisikiki. Mtungini mna hewa ya kawaida, si oksijeni tupu, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Mgandamizo unapoongezeka, naitrojeni nyingi huyeyuka kwenye damu na nyama za mwili. Mzamiaji akipanda taratibu, hutoka kwa kupumua. Akipanda haraka, hutoka kama gesi ya soda chupa inapofunguliwa, na mapovu hayo huumiza viungo, mishipa ya fahamu, hata uti wa mgongo. Hata aliyepanda vizuri hutoka majini akiwa bado na naitrojeni ya ziada, ambayo huendelea kutoka kwa saa nyingi.

Kurudi nyumbani

Hapo ndipo safari ya Mpanda inapoingia. Ukipanda mlima au ndege, hewa inayokubana hupungua, kana kwamba chupa ya soda imefunguliwa tena. Ushauri wa wataalamu wa tiba ya uzamiaji ni kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Vituo vingi husema saa 24, na mimi ningeshika hiyo.

Watu huisikia kanuni hii kama habari ya ndege tu, wakadhani wa basi na treni haimhusu. Inamhusu. Tahadhari huanza kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko kama mita 1,100, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam inakufikisha huko kwa saa chache. Tabora iko karibu mita 1,200. Anayezungukia kusini atapita Iringa na Mbeya, kisha Sumbawanga iliyo kama mita 1,800. Mpanda yenyewe imezidi mita 1,000. Hakuna njia ya kufika kwetu isiyopanda.

Kwa hiyo mbizi ziwe mwanzoni mwa likizo, siku za mwisho ziwe za ndugu, soko la Darajani na ufukwe. Boti ya kuvuka kwenda Dar es Salaam haina neno, ipo usawa wa bahari. Anayezamia Jumamosi asubuhi na mchana asikate tiketi ya Jumapili alfajiri. Alale pwani, aondoke Jumatatu. Tiketi ikishakatwa ni vigumu kumshawishi mtu aipoteze, basi hesabu hii ifanyike mapema.

Akienda, naye asifike na kuzama siku hiyohiyo. Safari ya Mpanda hadi pwani inachosha na kukausha mwili. Apumzike siku moja, anywe maji.

Nani asubiri

Kituo cha mbizi kitampa fomu ya maswali ya afya. Vijana huweka "hapana" kila mahali ili wasikataliwe. Hapa mama una kazi, kwa sababu historia ya mwili wake unaijua wewe: sikio lililotoa usaha miaka mingi utotoni, pumu, kifafa au degedege, kifua kikuu kilichotibiwa, ugonjwa wa moyo, upasuaji. Mwambie ayaandike, na aonane na daktari kwanza. Sikio linaweza kuwa na tundu lisiloumiza tena. Kifua kikuu kikipona kinaweza kuacha kovu au shimo kwenye pafu, ambapo hewa hunaswa wakati wa kupanda; picha ya kifua itasaidia. Mwenye ugonjwa wa sikoseli asipige mbizi ya mtungi.

Mjamzito asizame kabisa, hata kama mimba ni changa. Anayenyonyesha anaweza. Hedhi si kizuizi. Watoto huanza wakiwa na miaka 10 katika mifumo mikubwa ya mafunzo, na kwa umri huo hawazidi mita 12; wadogo zaidi wafurahie miwani na mrija juu ya maji, wakiwa na mtu mzima. Na kama hajui kuogelea, aanze hapo, hata kama kituo kinakubali kumpokea.

Homa ina habari yake. Malaria ni nadra Zanzibar, lakini vimelea vya kwetu vinaweza kusafiri ndani ya damu na kuamka siku chache baadaye. Akipata homa asizame. Aende kupima na aseme wazi kwamba ametoka Katavi.

Dalili za kutopuuza

Dalili nyingi huanza ndani ya saa 24 za kutoka majini: maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, mwili kuchomachoma, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, mkojo kugoma, ngozi yenye mabaka, uchovu usio wa kawaida. Kwa mtu aliye kwenye basi ni rahisi kusema ni kukaa vibaya, au malaria. Ashuke, aende hospitali ya karibu na aanze na sentensi hii: "Nilipiga mbizi kwa mtungi." Huduma ya kwanza ni oksijeni na kulala chali. Tiba yenyewe ni chemba maalumu ya mgandamizo, ambayo haipo kila mahali. Asirudi majini kujitibu, na asiendelee kupanda.

Kabla ya kulipa, aulize kituo kama boti ina oksijeni, na kama chemba ya karibu inafanya kazi sasa. Kisha awe na karatasi mfukoni: saa aliyotoka majini mara ya mwisho, kina alichofika, na namba ya simu ya kituo. Wewe nyumbani uwe na picha ya karatasi hiyo kwenye simu yako.