Bunia: Kompyuta imekataa kufunguka baada ya kusasishwa? Usikimbilie kufuta

Kwa mwenye sekretaria mtaani Nyakasanza, mjini Bunia, kompyuta ikikataa kufunguka, kazi za wanafunzi na barua za wateja zinabaki zimefungwa ndani. Ikiwa inatumia Ubuntu na imegoma baada ya kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, usikubali haraka mtu aifomati. Mara nyingi faili zote zingali salama.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, ao nafasi ya /boot ikijaa, kerneli mpya inaweza kubaki nusu. Lakini kwa kawaida Ubuntu huacha ile ya zamani ndani ya mashini.

Washa mashini ukishikilia Shift. Kwenye mashini za karibuni, gonga Esc. Chagua «Options avancées pour Ubuntu», kisha kerneli yenye namba ya chini. Ikifunguka, nakili kwanza faili kwenye flashi. Angalia nafasi kwa amri df -h /boot. Ikiwa ingalipo, andika sudo dpkg --configure -a, halafu sudo update-grub, kisha washa upya.

Siku nyingine, usisasishe kama betri haijajaa ao jenereta haina mafuta.