Daftari Tupu Si Uvivu



Mwaka wangu wa kwanza hapa Joburg nilipakana chumba na jamaa mmoja wa uhandisi kutoka kwetu. Ukimweleza saketi kwa mdomo, anaishika kabla hujamaliza. Lakini daftari lake lilikuwa na nusu sentensi tu. Alisapu masomo matatu, nusura adisko, na sisi tukasema ni mvivu. Baadaye alipimwa, kumbe ana disleksia.

Tuelewane hapa. Disleksia si upungufu wa akili. Ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti, kwa hiyo kusoma na kuandika kunakula nguvu nyingi. Mhadhiri hutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika. Mkono huandika 20 au 30 hivi. Wengi wetu tunafupisha huku tunasikiliza. Mwenzetu akihangaika na tahajia ya neno moja, sentensi tatu zimeshampita. Na kwa kuwa mhadhara ni wa Kiingereza, tunadhani lugha ndiyo inampiga chenga.

Msaada upo. Wits wana Kitengo cha Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Chuo Kikuu cha Johannesburg nacho kina kitengo chake. Ukifika, ulizia haya:

1. Mwanafunzi wa kukuandikia madesa, wewe usikilize tu.
2. Ruhusa ya kurekodi mhadhara.
3. Slaidi kabla ya kipindi.
4. Programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.
5. Muda wa ziada kwenye mtihani.

Kwa kawaida utatakiwa kuwa na ripoti ya mwanasaikolojia wa elimu. Bei yake si ya mchezo, basi uliza kwanza kama chuo kina nafuu yoyote. Nenda mwanzoni mwa muhula, usingoje wiki ya mitihani.

Kuna wanaoona aibu, eti ni kupendelewa. Hapana. Muda wa ziada haukupi jibu hata moja. Na Katiba ya nchi hii ya 1996, kifungu cha 9, inakataza kumbagua mtu isivyo haki kwa sababu ya ulemavu.

Yule jamaa alipata mtu wa kumwandikia, akamaliza digrii. Sisi wenye mkono mwepesi tujitolee kazi hiyo. Na ukiona daftari tupu, usimcheke mwenye nalo. Msindikize ofisini.