Je, nasi tunatazamwa kama sokwe wa Gombe?

Tembo wa Amboseli huvuka kutoka Kenya hadi upande wa Longido, Tanzania, bila kupita Namanga. Hawana pasi wala cheti cha uasili wa bidhaa. Baadhi yao wamefungwa mikanda shingoni, yenye kifaa kinachotuma habari za walipo kupitia setilaiti. Mtafiti ofisini anajua tembo amelala nchi gani. Tembo mwenyewe hajui kama kuna mtafiti, wala kama kuna mpaka.

Huenda nasi tuko hivyo hivyo. Mwanafizikia Enrico Fermi aliwahi kuuliza: nyota ni nyingi kiasi hiki, hao wakazi wengine wako wapi? Mwaka 1973 Mmarekani John Ball, mtaalamu wa elimu ya nyota, akatoa jibu lake: pengine wapo, ila wametutengea hifadhi yetu, wanatutazama kwa mbali na kwa makusudi hawajionyeshi. Ushahidi hakuna, ni dhana tu.

Dhana hiyo inanitatiza, kwa sababu ya yaliyotokea Kigoma. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi kadhaa. Baadaye wakaanza kuwekewa ndizi kambini ili wasogee. Walisogea kweli, lakini na ugomvi baina yao ukazidi, ikabidi ugawaji wa ndizi upunguzwe. Mwaka 1966 polio ikawaingia sokwe, wengine wakapooza. Goodall na wenzake wakawapa chanjo, wakaitia ndani ya ndizi. Kwa kanuni ya kutazama bila kugusa, hilo ni kosa. Lakini nani angeshika daftari na kuandika tu nani kapooza mkono na nani mguu?

Kwa hiyo, kama watazamaji wa Ball wana moyo kama wetu, ndizi tungekuwa tumeshaiona. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni Malaba siku nenda rudi, madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Msururu ule hata mwenye darubini mbovu angeuona. Hakuna aliyetushushia kitu.

Au labda wanatazama na hawaelewi wanachokiona. Chukua mama anayevuka Busia mara tano kwa siku na beseni la nyanya kichwani. Kutoka juu ni nukta inayokwenda na kurudi, sawa na tembo mwenye mkanda. Nukta haionyeshi kwamba nyanya zile amekopeshwa kwa neno tu, bila karatasi, na mtu wa nchi ya pili.

Goodall alilaumiwa na wasomi kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Yule wa kwanza kumzoea alimwita David Greybeard, kwa ajili ya ndevu zake za mvi. Mama wa nyanya sijui huko juu angeandikwa namba ngapi. Pande zote mbili za Busia anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza.