Kujaziwa Ritani ya Ushuru Kabla ya Juni 30

Ifikapo mwezi wa Juni, saiba za mijini na hata za vituo vya biashara mashambani hujaa watu wanaotaka kujaziwa ritani ya kodi ya mapato. Sheria ya Kenya humtaka mwenye PIN iliyosajiliwa kwa kodi hiyo atoe hesabu ya mwaka uliopita kupitia iTax, mwisho ukiwa Juni 30. Wafanyakazi wengi wa sharika, wakiwemo wainjilisti, walimu wa chekechea na walinzi, hudhani kwamba kwa kuwa PAYE hukatwa kila mwezi, kazi imekwisha. Haijaisha.

Kumlipa mtu akujazie si kosa. Taabu huanza pale anayejaza, akiona foleni ni ndefu, anapotuma ritani ya sufuri. Hiyo huchukua dakika chache na haihitaji karatasi yoyote. Lakini inasema kwamba mwaka mzima hukupata hata senti, na huku mwajiri wako ameiarifu KRA mwezi kwa mwezi kuwa alikulipa. Taarifa mbili zinagongana, na anayeulizwa ni mwenye PIN, si kijana wa saiba. Hata mwenye mshahara mdogo usiokatwa kodi ana mapato; ritani ya sufuri haimfai.

Kwa hiyo nenda na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri wako. Huonyesha mshahara, makato, nafuu ya kodi na PAYE ya kila mwezi. Anayetaka kukujazia bila kukuuliza P9, mwache, hata bei yake ikiwa nafuu. Kwa mwenye mwajiri mmoja na asiye na mapato mengine, hesabu ikijazwa sawasawa kwa kawaida hakuna kinachobaki cha kulipa. Likitokea deni kubwa, asitume kwanza. Linganisheni tarakimu na P9.

Neno la siri liandike mwenyewe. Wakala wa ushuru mwenye leseni halihitaji, maana ukishamteua katika iTax huingia kwa akaunti yake. Hakikisha pia barua pepe iliyoandikishwa ni yako, kwani ilani hupelekwa huko. Usiondoke bila risiti ya kupokelewa kwa ritani.

Kuchelewa humgharimu mtu binafsi shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kile kilicho kikubwa. Aliyejaziwa vibaya anaweza kurekebisha ritani yake ndani ya miaka 5.

Kamati za sharika nazo zina sehemu yao, pamoja na miradi inayolipa mishahara kwa fedha za wafadhili. PAYE iliyokatwa ifike KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Ikibaki katika akaunti ya usharika, mfanyakazi ana P9 inayosema amekatwa, na KRA haina kumbukumbu ya fedha hizo. Ni vema mhazini atoe P9 mapema, Januari au Februari, asingoje kuombwa Juni.