Pa Kutembea na Watoto katika Nchi ya Dhahabu

Familia nyingi zilizoletwa Geita na Kahama na kazi za mgodi zina lalamiko moja: huku hakuna pa kwenda. Mchaga atakutajia Materuni, maji yanavyoanguka kutoka juu ya migomba. Mnyakyusa ataitaja Kaporogwe ya Tukuyu. Mhandisi aliyetoka Ghana au Afrika Kusini na mke na watoto atakueleza milima ya kwao, kisha atarudi ndani ya uzio wa makazi ya kampuni kusubiri likizo. Jumamosi inaishia kwenye televisheni na nyama choma. Mkataba unafika mwisho, na mtoto aliyekulia Geita anaondoka akiijua barabara ya shule na mtikisiko wa baruti za mgodini, basi.

Mimi pia ni mgeni huku. Nimekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mtoto hupita vijito viwili vitatu kabla hajafika shuleni, na najua namna nchi tambarare inavyoweza kumnyong'onyeza mtu wa milimani. Lakini nimeishi hapa vya kutosha kukataa kauli ile. Kinachokosekana katika ukanda huu ni njia za kutembelea na desturi ya kutembea. Maporomoko ya maji ni neema tu, na watu wanaoyakosa bado wana miguu na watoto.

Dada yangu anaishi na familia yake Hamilton, Ontario, nchini Kanada. Mji ule una maporomoko zaidi ya 100, kwa kuwa umekaa juu ya ukingo mrefu wa miamba, uleule unaoangusha maji ya Niagara. Jumamosi wanapanda gari, wanafika bonde la Spencer, wanatazama maporomoko ya Tew's yenye kimo cha mita 41 na ya Webster yenye mita 22, na jioni wako nyumbani wakiosha viatu. Nilipomuuliza watoto wanapenda nini zaidi, nilitegemea ataniambia maji. Akanijibu kwamba wanapenda alama nyeupe zilizopakwa rangi kwenye miti, maana wao ndio wanaoongoza msafara. Alama hizo ni za njia ya Bruce, yenye urefu wa kilomita 900 hivi, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1967 na kutunzwa hadi leo na watu wanaojitolea. Sehemu yake inakatiza mashamba ya watu binafsi kwa ridhaa yao. Mwendo wa saa moja hivi kutoka Hamilton ni Toronto, yaliko makao makuu ya Barrick, kampuni inayoendesha mgodi wa Bulyanhulu. Uhusiano wa Shinyanga na Kanada ni wa zamani zaidi ya mgodi huo: Mkanada John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940.

Kwa nini basi Usukumani hakuna Tew's wala Materuni? Maporomoko hupenda nchi changa au iliyovunjika. Kalambo, mpakani mwa mkoa wa Rukwa na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200 kwa sababu mto unafika kwenye kingo za Bonde la Ufa na kukosa pa kukanyaga. Nchi yetu hii ni kongwe. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mvua na upepo vimekwisha kuisawazisha zamani. Ukongwe huohuo ndio uliotuachia dhahabu, na ndio uliotuachia mawe: matale yaliyopandana juu ya vilima, kutoka Mwanza kushuka hadi Shinyanga, udongo uliokuwa umeyafunika ukiwa umekwisha kuondoka.

Anzia kwenye mawe hayo. Hakuna haja ya gari la maana wala kiatu maalumu. Raba ya shule inatosha. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ifikapo saa tano jiwe litakuwa limeshika moto. Kabla ya kupanda, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji useme mmetoka wapi na mnataka nini. Baadhi ya vilima ni mahali pa matambiko, na mwenyeji atakuonyesha pasipokanyagwa. Wafundishe watoto kumwamkia mzee wa Kisukuma kwa “Mwangaluka” na kungoja aitikie. Nimeona mlango mgumu ukifunguka kwa neno hilo moja, na mjukuu wa nyumba ile akatumwa kutuongoza hadi juu bila kudai chochote.

Juu ya mawe kuna viumbe ambavyo mtoto hatavisahau. Pimbi hujianika alfajiri kwenye vichomozo vya miamba na kupiga kelele akiona kivuli cha mwewe. Kuna mjusi ambaye dume lake lina kichwa na shingo za waridi na mwili wa buluu iliyokolea. Wataalamu wamempa jina la kisayansi Agama mwanzae, kwa heshima ya Mwanza. Watalii hutoka mbali kuja kumpiga picha. Watoto wetu wanamrushia mawe kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba jina la nyumbani kwao limeandikwa kwenye vitabu vya dunia kupitia mjusi huyo. Kwa safari hiyo beba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, na maji kuliko unavyodhani mtahitaji.

Ukiwa Shinyanga yenyewe, tembea kwenye makorongo. Hayakuchongwa na mto kwa maelfu ya miaka. Mengi ni majeraha ya karne iliyopita. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na mvua ikaanza kuchimba. Kufikia miaka ya 1980 watu waliizungumzia Shinyanga kama jangwa linalokuja. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi ambao kila mtu aliuita HASHI. Mwanzoni ulihimiza kupanda miche, lakini mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali kusikiliza wafugaji. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ukikifunga, visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua yenyewe. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto kwa njia hiyo, nyingine za familia moja, nyingine za kijiji kizima.

Sijui darasa la sayansi lililo bora kuliko hilo. Upande mmoja wa njia mtoto anaona udongo mwekundu uliopasuka hadi kina cha mtu mzima. Upande wa pili anaona migunga, mikwaju, nyuki, na kwale wakirukia majani. Mvua ni ileile. Tofauti ni uamuzi wa watu. Omba ruhusa kwa mwenye ngitili, usiingie na moto, na msimu wa furu ukiwadia waache watoto waokote zilizoanguka mpaka midomo iwe myeusi.

Sasa hatari, na hapa naomba mzazi asome polepole. Makorongo yenye kuogopwa zaidi katika ukanda huu yamechimbwa kwa sururu. Kuanzia Nyarugusu hadi Rwamgasa na Kahama yako maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa bila kufukiwa, mengine yamefunikwa na nyasi. Mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai Nyangarata, Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi; mmoja wao alifariki baadaye. Hao walikuwa watu wazima waliozoea kazi hiyo. Kwa hiyo ukiona lundo la kifusi mbichi porini, shika mkono wa mtoto na urudi ulikotoka. Vivyo hivyo kwenye mialo ya kuoshea dhahabu: tope la marudio linalong'aa vizuri linaweza kuwa na zebaki, na mtoto hapaswi kulichezea hata kwa kijiti.

Radi nayo si hadithi huku. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita katika shule moja mjini Geita, na Januari 2025 ikaua saba wa sekondari wilayani Bukombe. Kuanzia Oktoba hadi Mei, panda kilima asubuhi tu. Wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa, shukeni, hata kama kilele kimebaki hatua chache na watoto wanalia. Usijifiche chini ya mti wala kwenye jiwe lililosimama peke yake. Msiingie korongoni mvua inaponyesha popote mnapoweza kuiona. Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya. Ufukweni mwa ziwa, kichocho na mamba vinatosha kuwazuia watoto kuogelea. Hayo nayasema ili tutoke nyumbani tukiwa macho. Mtoto aliyefungiwa ndani hajifunzi kulisoma wingu.

Wakazi wa Geita wana hifadhi ya taifa karibu kuliko wengi wanavyojua. Rubondo ni kisiwa cha ziwani, hifadhi ya taifa tangu 1977, na boti huanzia maeneo kama Nkome. Hakuna simba kisiwani, hivyo askari wa hifadhi huwatembeza wageni kwa miguu chini ya msitu mnene. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Mjerumani Bernhard Grzimek alihamishia pale sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea vizimba na chakula cha kuletewa. Ilibidi wajifunze matunda ya msitu wasioujua, na wazao wao leo ni sokwe wa porini kabisa. Familia iliyohamia hapa kwa mkataba ingenufaika kuisikia habari hiyo ikiwa imesimama palepale ilikotokea. Boti ni ghali; jikusanyeni familia kadhaa.

Na kwa anayesisitiza kwamba lazima aone maji yakianguka, ipo Rusumo. Kutoka Kahama ni karibu kilomita 300 kwa barabara ya malori ya Rwanda, kupitia Nyakanazi na Lusahunga, kwa hiyo ni safari ya kulala Ngara usiku mmoja. Hapo mto Kagera unabanwa na miamba na kuanguka mpakani. Kimo chake hakifiki mita 20. Tew's ya Hamilton inaizidi mara mbili. Ila sijaona maporomoko yenye mengi ya kumwambia mtoto kama haya. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja wakiingia Tanzania, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ghafla. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipita kwenye maji haya hadi Ziwa Victoria. Mtoto mdogo hahitaji kuambiwa yote. Aliyefika sekondari aambiwe, na aambiwe na mzazi wake, akiwa ameshika reli za daraja. Siku hizi kuna kituo cha umeme cha megawati 80 kinachomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Ongea na maofisa wa mpakani kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Kisha waulize watoto maji yanakwenda wapi. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwa hilohilo, pale Ihelele wilayani Misungwi, bomba la KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, huvuta maji hadi Shinyanga na Kahama. Maji ya Rusumo yamo ndani ya bomba la nyumbani kwao.

Yaliyobaki ni kazi ya mamlaka, na tuna haki ya kuidai. Sheria ya Madini inaitaka kila kampuni yenye leseni kuandaa mpango wa mchango kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati Geita, na ziendelee kujenga. Lakini kipande kidogo tu kingetosha kuweka njia ya miguu kwenye kilima kimoja katika kila kata: alama za rangi kwenye mawe, ubao wa ramani, choo, na kijana wa kijiji anayelipwa kuongoza wageni. Kipande kingine kizungushie uzio maduara yaliyoachwa karibu na makazi. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021 na eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Wapangaji wachore humo njia ya familia kutembea, wakati bado kuna nafasi kwenye ramani. Madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Barua ya wazazi, yenye jina la kilima na ridhaa ya mwenyekiti wa kijiji, iwe mezani kwao kabla ya Desemba.